Nafasi ya Mwalimu Righa

Sogeeni, na anayetafuna atafune kimyakimya. Leo sina sungura wala fisi. Nina binti mmoja na watu watatu waliomsomesha, na nikimaliza mtaniambia yupi wa kutiiwa. Mimi nimeshindwa.

Binti ni Wakesho, wa huko milimani Taita. Akiwa na miaka kumi hakuweza hata kusoma jina lake. Mwalimu Righa alijaliwa subira. Alibaki naye darasani kila alasiri wenzake wakicheza, mwaka mzima, mpaka akasoma.

Kaka yake, Mwadime, alijaliwa nguvu. Baba yao alipofariki aliacha shule, akaenda kufanya kazi ya mkonge ili dada yake aendelee. Mashine ikamla vidole vitatu. Akafunga kitambaa, akarudi kazini.

Mama yao alijaliwa moyo mgumu. Ami zake Wakesho walipoleta posa, binti akiwa kidato cha pili, mama alisimama mlangoni na mwiko. Wakamfukuza nyumbani kwa marehemu mumewe. Alitoka na sufuria moja na wanawe.

Wakesho akasoma mpaka akapata cheti cha ualimu. Mngedhani hadithi imeishia hapo, eti? Thubutu! Miaka ikapita akisubiri ajira, mtaala ukabadilika. Gredi ya tisa ikaletwa shule ya msingi, na Righa, mtu wa Kiswahili, akaambiwa afundishe sayansi, kilimo na kompyuta. Kompyuta yenyewe aliichora ubaoni. Alama za watoto zikawa zinatumwa kwa simu, na kule mtandao hushika juu ya jiwe moja tu, ukingoni mwa korongo. Kila muhula mzee alipanda. Wakesho akienda kumsalimu, alimwambia, "Usije huku, mwanangu. Ualimu ulioujua haupo tena."

Siku ya mwisho ya kutuma alama ilinyesha mvua kubwa. Mzee akapanda vivyo hivyo. Walimkuta chini korongoni, simu mkononi, alama hazijaenda.

Mazishini, watoto wa gredi ya tisa walimzunguka Wakesho. "Mwalimu, unaanza lini?"

"Nani kawaambia mimi ni mwalimu wenu?"

"Mwalimu Righa. Kila wiki alituambia tusihame, unakuja."

Kumbe mzee alimkataza yeye, akawaahidi wao!

Wiki iyo hiyo zikafika barua mbili. Ya kwanza ilimpa nafasi ya Righa, kwa mkataba wa mwaka mmoja, masomo yale yale, jiwe lile lile. Ya pili ilimpa kazi ya kudumu mjini, kwenye stoo ya dawa. Kote alitakiwa aripoti Jumatatu. Mwalimu asipopatikana siku hiyo, darasa lingefungwa, na watoto waende shule ya ng'ambo ya bonde, mwendo wa saa tatu kwa miguu.

Mwadime, ambaye binti yake Mghoi yumo darasani humo, alimwonyesha mkono wake. "Dada, vidole hivi niliviacha ili upatikane mwalimu. Darasa likifungwa, Mghoi hatavuka bonde lile. Ataishia kwenye mkonge kama mimi."

Mama akaruka. "Mwalimu mmoja nimeshamzika! Sikufukuzwa kwa mume wangu ili nije kumwokota mwanangu korongoni. Nenda mjini!"

Wakesho alilia mpaka sauti ikamkauka. Aliwapenda wote, na wote walikuwa na haki.

Jumatatu asubuhi watoto wa gredi ya tisa waliingia darasani wenyewe, wakaandika tarehe ubaoni, wakaketi kusubiri. Wakesho alikuwa amesimama njia panda na begi lake, gari la mjini linapiga honi.

Haya, semeni. Amtii kaka, au amtii mama? Au marehemu, na kwa neno lake lipi, lile alilomwambia yeye au lile alilowaambia watoto? Ungekuwa wewe pale njia panda, ungepanda gari?

Nasikia wengi mnasema apande. Sawa. Wewe unayesema kwa sauti kubwa kuliko wote, hebu niambie kwanza: mwanao kesho atafundishwa na nani?