Njia Iliyopigwa Sakafu

Njia isiyokwaruza haifikishi. Mmenisikia nikisema hivyo mkacheka, kisha mkauliza usemi huu umetoka wapi. Chanzo chake ni hiki, na msinikatize.

Mzee Shemweta alikuwa na nyumba bondeni, na njia yake ilipanda mlima hadi barabarani. Ilikuwa njia ya changarawe. Siku alipomwoza mwanawe Hoza, wageni walilalamika kwamba inakula viatu. Shemweta akaona aibu. Akazoa changarawe yote, akakandika udongo mwekundu, akausugua kwa jiwe mpaka ukang'aa kama sakafu ya chumbani. Mkewe alimwambia kuwa sakafu ni ya ndani. Hakusikia.

Mwaka haujaisha, siku ya mvua, mke wa Hoza akashikwa na uchungu, na mtoto amekaa vibaya. Mkunga, Bi Mnkande, akasema apelekwe hospitali mara moja. Wanaume wanne wakainua machela. Wakipanda hatua moja, wanarudi mbili. Katikati ya mlima wote wanne wakateleza hadi chini, machela juu ya vifua vyao, mgonjwa akipiga kelele.

"Mzee!" Bi Mnkande akafoka. "Hii ni njia au mlenda?"

"Njia ni nzuri, bibi. Ni hii mvua tu..."

"Mvua ilikuwako kabla hujazaliwa! Sikiliza. Mguu husukuma ardhi nyuma. Ardhi ikigoma, mtu huenda mbele. Hii yako haigomi, basi mguu ndio unaorudi. Lete jembe."

"Niikate njia yangu?"

"Usipoikata, utamchimbia mkweo kaburi kwa jembe hilo hilo."

Shemweta akachukua jembe. Akatangulia mbele ya machela akiikatakata ile sakafu, pigo kwa pigo, na wabebaji wakakanyaga palipokatwa. Miguu ikashika. Wakafika barabarani, wakapata gari. Mtoto alizaliwa jioni, na mama yake akapona.

Siku ya tatu jirani mmoja alimkuta Shemweta bado analima njia.

"Ala, Mzee! Kitu kilichong'aa vile unakiharibu? Sasa itatukwaruza nyayo."

Shemweta hakuinua kichwa.

"Njia isiyokwaruza haifikishi," akajibu, akapiga jembe.