Mitungi ya Jodari na Vibua

Inasimuliwa kwamba katika mji mmoja wa pwani ya Yemeni, zama za misafara ya ngamia, aliishi mjane mchamungu, Bi Safwana, Mwenyezi Mungu amrehemu. Aliwauzia mahujaji samaki waliohifadhiwa kwa mafuta ndani ya mitungi iliyozibwa kwa nta. Mwaka mmoja alijaza duka jodari, yule mnono anayewatoa watu mate, na vibua kidogo tu, maana kibua alihesabiwa chakula cha mafukara. Riziki yake ya mwaka mzima ilikuwa ndani ya mitungi ile.

Desturi yake, kabla ya kununua, ilikuwa kufungua mtungi mmoja wa kila aina na kuuweka kando ya tanuri, aone joto la jangwani litawafanya nini samaki. Mwaka ule pupa ilimponza. Alinunua kwanza, akajaribu baadaye. Jodari wa mtungi wa jaribio wakachacha. Vibua, weusi na wenye harufu kali, wakabaki salama. Bi Safwana akalia, lakini maji yalikwisha mwagika.

Msafara ulipowasili, amiri wake, Dhirari, alionja kipande cha juu akataka jodari wote. Jirani mwenye duka, Ghalibu, akamnong'oneza mjane anyamaze, kwani hao watakapogundua watakuwa mbali.

"Jangwa liko mbali na duka langu, ndugu yangu," akajibu Bi Safwana, "lakini haliko mbali na Mola wangu."

Akamweleza amiri waziwazi kwamba jodari ni wa kuliwa leo, na wa safari ni kibua. Amiri akastaajabu kuona mtu anaiponda bidhaa yake mwenyewe, akaenda kununua jodari wa Ghalibu. Mahujaji maskini tu ndio walionunua vibua. Bi Safwana akawauzia wenyeji jodari wake kwa bei ya kutupa, wakamla siku hiyohiyo. Miezi iliyofuata kuna siku jiko lake halikuwashwa, naye hakuacha kumhimidi Mola wake.

Msafara uliporudi kutoka Makka, amiri aliyapita maduka yote, akapigisha ngamia magoti mlangoni pake. Jodari wa Ghalibu walikuwa wameoza njiani. Vibua wa maskini ndio waliowalisha wote, amiri mwenyewe akinyoosha mkono kuomba.

"Mama yangu," akasema mbele ya watu, "ulitwambia kweli tukakuona mjinga. Tangu leo msafara huu hautanunua chakula ila kwako."

Mahujaji wakaleta takbiri hadi soko likatetema. Bi Safwana akasujudu palepale, katikati ya mitungi mitupu.

Tazameni, ndugu zangu. Aliyeficha aibu ya bidhaa alipata faida ya msimu mmoja. Aliyeisema aliwashibisha wageni wa Mwenyezi Mungu, na duka lake halikukosa mteja mpaka alipofariki.