Cheti cha Mbwa Aitwaye Kande

Mtu mmoja wa milimani alikuwa na ng'ombe wanne wa maziwa na zizi lisilo na mlinzi. Jina lake Ambakisye. Mara mbili wezi walimjia Jumapili, watu wakiwa kanisani, wakaondoka na ndama. Tangu hapo mkewe, Subilaga, akawa habanduki nyumbani siku ya ibada. Aliketi mlangoni pa zizi na binti yao wa miaka minne, panga likiwa miguuni. Ambakisye aliona aibu kumwacha mkewe hivyo, na kupita aibu, aliogopa. Akasema atatafuta mbwa, tena si mbwa wa kuokota njiani. Atakuwa mbwa wa mbegu halisi, mwenye cheti.

Akasikia habari za mwanamke wa mjini aitwaye Tusekile, mfugaji wa mbwa wakubwa wa kizungu. Wakapatana kubadilishana mtoto wa mbwa kwa mtamba, ng'ombe jike ambaye bado hajazaa.

Siku ya makabidhiano Tusekile alipanda mlima mwenyewe, kapu mkononi. Ambakisye akaanza kumsifia mtamba. Yule mama akamkatiza.

"Mama yake yuko wapi, baba? Nataka nimwone akikamwa."

Akaingia zizini na viatu vyake vya mjini. Alimtembeza mama wa mtamba huku na huku, akamshika kiwele, kisha akakaa juu ya ndoo kuukuu kusubiri maziwa ya jioni mpaka akayaona kwa macho yake. Ambakisye alifurahi sana. Alijisemea moyoni, huyu anajua kununua. Maana hata yeye, tangu aanze kufuga, hakuwahi kuchukua mnyama bila kumwona mama yake.

Ndipo Tusekile akafunua kapu, akampa mtoto wa mbwa, akampa na bahasha. Cheti kilikuwa cha karatasi nene, chenye mhuri. Mbwa aliitwa Jemadari wa Milima ya Kusini, jina refu kuliko la askofu. Chini yake waliandikwa baba na mama, na babu na bibi wa pande zote mbili, hadi kizazi cha nne. Ambakisye alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, mara mbili. Yeye mwenyewe asingeweza kuwataja wazee wake mpaka huko. Mama wa mbwa hakumwulizia. Alikuwa ameandikwa.

Cheti kikatiwa fremu, kikatundikwa sebuleni juu ya picha ya harusi. Binti yao, Tumpale, hakuliweza lile jina refu. Kwa kuwa mbwa alikuwa na rangi ya mahindi yenye madoa ya maharage, alimwita Kande, kama chakula kile, na Kande akaitika. Wageni walipokuja, Ambakisye aliwaonyesha cheti kwanza na mbwa baadaye, hata kaka yake Subilaga akamtania: "Shemeji, wezi wakija utawasomea?"

Kande alipofikisha miezi tisa, alianza kuinuka kwa shida. Miguu ya nyuma ilimtetemeka, na alipotaka kukimbia aliirusha yote miwili pamoja, kama sungura. Bwana mifugo akaitwa. Alimlaza Kande chini, akambonyeza nyonga taratibu, Kande akalia. Akasema mifupa ya nyonga haikai vizuri katika maungio yake, na kwamba ugonjwa huo mara nyingi hutoka kwa wazazi. Ambakisye alikwenda ndani akarudi na fremu, kama mtu anayeleta shahidi. Bwana mifugo alisoma chote, bila haraka.

"Cheti ni halali," akasema. "Kinatuambia ni wa mbegu gani, na kinatuambia amezaliwa na nani. Lakini huyo mama yake, ulimwona akitembea?"

Ambakisye akaishusha fremu.

Kesho yake alikodi bajaji, akampeleka Kande mjini, cheti kikiwa kwapani. Mtamba wake alimkuta uani kwa Tusekile, amenenepa, amelala juu ya majani makavu. Nyuma ya nyumba, katika banda jembamba, alimkuta mama wa Kande. Matiti yalikuwa yamelegea kwa kuzaa bila kupumzishwa. Alitaka kusimama, akashindwa, akajikokota mpaka kwenye wavu na kumlamba mwanawe masikio.

Ambakisye akasema kwa uchungu kwamba ametapeliwa. Tusekile hakupandisha sauti.

"Karatasi yangu imesema uongo wapi, baba? Nionyeshe mstari."

Akatafuta kwa kidole, kama siku ile ya kwanza. Mbegu ilikuwa kweli. Baba alikuwa kweli. Mama alikuwa kweli, naye ni huyu hapa. Tarehe ya kuzaliwa ilikuwa kweli. Kidole kikafika kwenye mhuri, na chini ya mhuri hapakuwa na kitu.

"Basi mwache," Tusekile akasema. "Daktari atamchoma sindano alale moja kwa moja, nami nitakupa mwingine. Tumbo lilelile, cheti kilekile."

Ambakisye alimtazama yule mbwa jike nyuma ya wavu. Kisha akamfikiria Tumpale, ambaye angeuliza Kande yuko wapi, na hakuna karatasi ambayo angeweza kumwonyesha. Akamnyanyua Kande, akarudi naye kwenye bajaji.

Nyumbani Subilaga hakumcheka mumewe. Aliunganisha magunia mawili, akayajaza maganda ya mahindi, akayatandika karibu na zizi palipopata jua. Kila asubuhi alimkanda Kande nyonga kwa maji ya moto, polepole, jinsi yeye mwenyewe alivyokandwa na mama yake siku za uzazi.

Jumapili moja, ibada ikiendelea, watu wawili waliruka uzio. Subilaga alikuwa jikoni. Kande hakuweza kuwakimbiza. Alijikokota akajilaza mlangoni pa zizi, akauziba kwa mwili wake, akabweka. Wakampiga fimbo, akazidi kubweka. Subilaga akatoka na panga, akapiga yowe, na kanisa zima likasikia. Watu walipofika, wezi walikuwa wameshakimbia na ndama wote walikuwa ndani. Kande alikuwa bado amelala mlangoni, damu ikimtoka mgongoni, na Tumpale amemkumbatia shingo.

Ambakisye hakukichana kile cheti, kwa kuwa hakikuwa na kosa. Kiliulizwa Kande ametoka wapi, nacho kikajibu kweli. Nyonga zake hakikuzijua, na moyo wake pia hakikuujua. Alikitoa ukutani, akakiweka sandukuni pamoja na vyeti vyake vya ubatizo na ndoa.

Nanyi mlio na vyeti kama hivyo nyumbani kwenu, vyenye mhuri na majina ya kweli: tukitaka kuzijua habari zenu, tumwulize nani kati ya wale wanaoishi nanyi?