Mtoto Aliyefunikwa Mpaka Akanyamaza

Leo nawapa mfano ambao hamtausikia kwa mhubiri mwingine, maana nimeutunga mwenyewe, na mimi nikitunga nimetunga. Shule niliiacha darasa la sita. Hasara ilikuwa ya shule. Mama wa benchi la mbele, cheka tu, wewe nilikuwa nakungoja.

Kulikuwa na binti mmoja aliyejifungua mtoto wake wa kwanza. Mtoto wa kiume, mzima, sauti kama tarumbeta. Ndugu wakaja kumwona, na kila aliyekuja alileta kitu cha kumfunika. Bibi yake mzaa baba alileta blanketi. Shangazi akaleta shali aliyoifuma kwa mkono wake. Mama mdogo akaleta kofia ya sufu. Ilikuwa kiangazi, jua la kupasua bati! Lakini mnawajua shangazi zetu. Ukipokea shali yake halafu asiione kwa mtoto, atalisema hilo kwenye kila msiba mpaka huyo mtoto aoe.

Siku ya kumpeleka zahanati kupimwa, wote watatu wakafuatana na mzazi. Mtoto akalia. Bibi akasema, "Baridi hiyo. Lete blanketi." Akalia zaidi. Shangazi akadakia, "Si niliwaambia? Shali yangu ndiyo nzito." Akalia mpaka sauti ikakwaruza. Mama mdogo akamvisha kofia, akaivuta hadi kwenye nyusi.

Basi, akanyamaza.

Bibi akamgeukia mzazi. "Umeona? Ninyi wasichana wa siku hizi mngesema anaumwa." Njia nzima wakawa wanamsifu. Mtoto mpole huyu! Mtoto wa kiungwana! Huyu atakuwa mhubiri! Hilo la mwisho sikulielewa. Mimi nahubiri, na sijanyamaza tangu nizaliwe.

Zahanati, watoto wengine kwenye foleni walikuwa wanapiga kelele za kubomoa ukuta. Huyu kimya. Nesi akampokea, akafungua blanketi, akafungua shali, akavua kofia. Akaweka mkono kwenye kifua cha mtoto, na tabasamu lake likakatika.

"Amenyonya lini?"

"Asubuhi nilimpa," mzazi akasema, "akawa analala tu."

"Nepi amelowesha?"

"Bado, dada."

Nesi akamwekea kipimajoto kwapani, akakisoma. "Mtoto amechemka. Tumfungue, tumjaribishe kunyonya, tuone. Joto likishuka, zilikuwa nguo. Lisiposhuka, hatubishani, anakwenda hospitali kubwa sasa hivi."

Shangazi akajitetea, "Lakini nesi, mwanangu, mtoto alikuwa ametulia vizuri!"

"Kabla ya hapo alikuwa analia?"

"Mbona sana! Kila akilia tunamwongezea. Ndipo akatulia."

"Hakutulia, shangazi. Alichoka kuwaambia."

Mnaisikia hiyo? Irudieni moyoni, itawafaa.

Wakakaa kwenye benchi, mtoto amebaki na nepi tu kifuani kwa mama yake. Bibi, yule yule wa blanketi, akashika upindo wa kanga akawa anampepea. Shali ilikuwa imeanguka miguuni, na hakuna aliyeuliza ni ya nani. Mzazi akamgusisha titi mdomoni. Hakuna kitu. Akamgusisha tena. Mtoto akafungua jicho moja, akaligeukia titi, akalikamata, akanyonya kama aliyetoka kulima.

Nesi akarudi na kipimajoto chake. Akapima. Akashusha pumzi yeye kwanza, ndipo wenzake wakashusha zao. "Limeshuka," akasema. Akamtazama kitovu, macho, anavyohema. Mzima kabisa. Na mtoto, kana kwamba alikuwa anasubiri kutangazwa, akavuliwa nepi na kukojoa juu kwa juu, mkojo ukatua katikati ya shali ya shangazi! Kisha akaachia ile tarumbeta. Shangazi akapiga vigelegele: "Kojoa, baba! Kojoa, mume wangu!"

Mnacheka. Wababa wa kule nyuma mnacheka kuliko wote. Haya, sasa tuje kwetu sisi.

Wewe baba, juzi uliniambia, "Mke wangu siku hizi ametulia, hana maneno." Una hakika ametulia? Na yule kijana wa kwaya aliyekuwa analalamika kila mazoezi, sasa anakaa kimya karibu na mlango, sisi tunasema amekua kiroho. Na mjane wetu? Alilia, tukampa nasaha. Akalia, tukamwandalia mkesha. Akalia, tukamwambia ajikaze, imani yake ndogo. Sasa halii tena, na tunamsifu: yule mama ana amani! Nani kati yetu alimwekea mkono kifuani? Nani alimuuliza, "Leo umekula?" Kila mmoja alikuwa anaangalia kama shali yake imeonekana.

Lakini habari ni njema, wapendwa. Mtoto alikuwa mzima! Alitaka tu kupunguziwa. Basi ukitoka hapa, nenda kwa mtu wako aliyenyamaza, nenda mikono mitupu. Mwondolee yale uliyomrundikia, kisha kaa naye. Akianza kulia tena, usimfunike. Na akikulowesha hiyo shali yako nzuri, ndugu yangu, piga kigelegele.