Siku Bi Kanga Alipowahesabu Wabunge

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma mnanisikia?

Tunakusikia!

Basi sogeeni, watoto kwa wakubwa.

Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na bunge lao. Walikutana uwandani, na kiti cha Spika kilikuwa kichuguu. Spika alikuwa Mzee Kiboko. Naibu wake alikuwa Bi Kanga, ndege wa madoadoa. Mzee Kiboko akienda kula, Bi Kanga anapanda kichuguuni. Mzee akirudi ameshiba, Bi Kanga anashuka. Kupanda, kushuka, mwaka nenda mwaka rudi. Wenye utani walimwita Spika wa Saa ya Chakula. Naye alicheka nao.

Mwaka mmoja mvua ikagoma. Visima vikakauka. Mto ukakauka. Likabaki bwawa moja tu. Na wiki hiyohiyo Mzee Kiboko akaumwa na jino. Jino gani hilo! Shavu likavimba likawa kama kibuyu.

"Bi Kanga," akasema, "nakwenda kwa mganga, mbali. Kaa hapa mpaka nirudi."

Kiboko hajafika hata kwenye vichaka, Nyati kasimama. Tu! Tu! Tu! Akaja mbele.

"Mheshimiwa Naibu Spika, naleta hoja. Maji hayatoshi. Sisi wakubwa tunywe kwanza, siku saba. Siku ya nane, wadogo wanywe yatakayobaki."

Wadogo wakatazamana. Siku saba! Panya Buku alikuwa na watoto sita shimoni, bado wananyonya. Mwenyewe koo lilikuwa limeshakauka. Akawaza, siku ya nane nitamkuta nani hai?

"Wanaoafiki waseme ndiyo," akasema Bi Kanga.

"NDIYOOOO!" Tembo hao, vifaru hao, nyati hao. Vumbi likaruka. Majani yakapukutika mitini.

"Wasioafiki waseme siyo."

"Siyo... siyo..." Chwii, chwii, chwii. Makoo makavu, sauti haitoki.

"Tangaza!" Nyati akanguruma. "Walioafiki wameshinda. Umesikia mwenyewe!"

Bi Kanga akasita kutangaza. Mnadhani aliogopa pembe? Ngojeni niwaambie. Miaka miwili nyuma moto ulipita uwandani, na Bi Kanga alikuwa ameatamia mayai kumi na mawili. Wanyama wote walikimbia. Nyati huyuhuyu ndiye aliyerudi. Alisimama mbele ya kiota, akaukanyaga moto, tu, tu, tu, mpaka ukazima. Kwato zikaungua. Vifaranga wote kumi na wawili wakaanguliwa wazima. Tangu siku ile Bi Kanga hakujua amrudishie nini. Na leo Nyati anaomba neno moja tu.

Bi Kanga akakunjua mbawa.

"Nimesikia kelele," akasema. "Idadi sijaisikia. Wa ndiyo, nendeni kulia kwangu. Wa siyo, kushoto. Nitahesabu mmoja mmoja."

"Na Buku naye atahesabiwa?" Nyati akauliza.

"Buku ana kiti humu?"

"Anacho."

"Basi atahesabiwa."

Nyati akamsogelea, akamwambia kwa sauti ya chini, "Bi Kanga, ule moto umeusahau?"

Machozi yakamlengalenga Bi Kanga. "Sijausahau, kaka yangu. Wanangu wanatembea kwa sababu yako. Nitakushukuru mpaka nizikwe. Niombe chakula changu, nitakupa. Niombe kiota changu, nitahama leo. Lakini kiti hiki wamenikabidhi wote. Sina ruhusa ya kukupa."

Akahesabu. Kere-kere, mmoja! Kere-kere, wawili! Kulia wakapatikana kumi na tisa. Kushoto, digidigi, pimbi, nungunungu na Buku wakiwamo, wakapatikana arobaini na watatu.

"Hoja imeanguka," akasema Bi Kanga.

Nyati akaondoka bila kuaga. Waliobaki wakapanga zamu: wadogo wanywe alfajiri, wakubwa wanywe jioni, kila mmoja kidogo. Hakuna aliyeshiba maji. Hakuna aliyekufa.

Jioni Bi Kanga akamfuata Nyati. Akamkuta amelala, amegeuza mgongo. Akaanza kumtoa kupe. Dono, dono, dono. Nyati kimya. Kesho yake akarudi. Dono, dono, dono. Nyati kimya. Siku ya tano Nyati akavuta pumzi ndefu, akainamisha kichwa.

"Na hapa, nyuma ya sikio," akasema.

Mvua ilipokaribia, Mzee Kiboko akarudi, pengo mdomoni.

"Nyati, nasikia ulishindwa. Naibu wangu alikuonea?"

"Hakunionea, Mzee. Alinihesabu mmoja, kama Buku. Nilikasirika sana. Lakini maji yametutosha, na Buku nimemwona asubuhi na watoto wake wote sita, wanavuka njia. Nikasimama wapite." Akamgeukia Bi Kanga. "Asante, dada, kwa kunikatalia."

"Asante wewe, kaka," akasema Bi Kanga.

Na ninyi mlionisikiliza, neno lenyewe ni hili: aliyekutendea wema mshukuru kwa kilicho chako. Ulichokabidhiwa na wengi, wape wote haki yao.

Hadithi yangu imekoma hapo. Asanteni kwa masikio yenu.