Siku Mchomaji Alipoingia Bandani

"Usiulaumu moto, udongo hujauuliza." Mmewasikia mafundi leo wakiambiana hivyo, na nyinyi, mnaopenda kuuliza kuliko kuosha vyombo, mnataka kujua nani aliyesema hivyo kwanza. Haya, sogeeni. Methali hii ilianza hivi.

Kijiji cha Kwambaruku kiliishi kwa vyungu. Wafinyanzi walikaa bandani wakikanda na kufinyanga, mkuu wao Bi Kazija, mwanamke mwenye ulimi mkali kama wembe. Uwanjani alikuwako Mize, mchomaji, aliyeirithi kazi hiyo kwa bibi yake. Na palikuwa na mwiko: mchomaji haingii bandani, wala mfinyanzi haukaribii moto, kwani jicho la mtu wa upande wa pili huvunja chungu. Basi miaka nenda miaka rudi vyungu vilikabidhiwa mlangoni, na hakuna aliyeijua kazi ya mwenzake.

Mwaka mmoja vyungu vikaanza kupasuka. Kwanza viwili, kisha vitano, kisha siku moja kati ya thelathini vikatoka vizima kumi tu. Bandani wakasema Mize amekuwa mzembe, anawasha moto wa kuchomea jiji. Mize naye akasema kisimani kwamba udongo wa siku hizi haufai hata kukandikia banda la kuku. Maneno yakaenda yakarudi, na kila yakirudi yameota pembe. Mwisho Bi Kazija akatuma mtu: uchomaji ujao ukiharibika, Mize atoke uwanjani, aingie mwingine.

Mize alilia, siwafichi. Kazi nyingine hakuijua wala hakuitaka. Alfajiri akajitanda kanga, akashika njia ya bandani, matusi tele mdomoni. Njiani akajiuliza jambo ambalo hakuwahi kujiuliza: hivi udongo wenyewe hukandwaje? Umri wote ule, hajui! Akaona haya kidogo, akapunguza mwendo.

"Hodi wenyewe."

Wanawake wakaacha kufinyanga.

"Mchomaji hapigi hodi hapa," alisema Bi Kazija. "Umeusahau mwiko?"

"Sijausahau, Bi Kazija. Lakini mwiko tumeushika, na vyungu vinapasuka."

"Umekuja kunilaumu?"

"Nilitaka. Sasa nimekuja kuuliza. Nionyeshe mnavyoukanda udongo, toka mwanzo."

Bi Kazija akatazama chini. Akawaomba wenzake watoke. Walipobaki wawili, akajaribu kuinua mkono wa kulia. Uliishia kifuani.

"Udongo hutiwa vigae, vipande vya vyungu vilivyovunjika, vikishatwangwa, ndipo ustahimili moto," alisema. "Kutwanga ni kazi yangu, naifanya nyumbani peke yangu. Tangu masika bega limenishinda. Natia mchanga mtupu. Ningesemaje, mwanangu? Kwamba mkuu wa banda hana mkono?"

Hapo Mize alikuwa ameshinda. Angeweza kutoka nje akatangaza, na kijiji kizima kingemsikia. Lakini hasira zilikuwa zimemwisha, akamwonea huruma yule mama.

"Vigae nitatwanga mimi," alisema. "Na habari ya bega haitatoka kinywani mwangu. Ila nawe uje uwanjani, uitazame kazi yangu."

"Nije kutafuta kosa lako?"

"Kama lipo, nilijue."

Na lilikuwepo! Walipofika uwanjani, Bi Kazija aligusa vyungu vilivyokwisha kupangwa juu ya kuni, akaguna. Vitako bado vilikuwa na unyevu. Mize alidhani chungu kikikabidhiwa kimeshakauka. Bandani walidhani mchomaji hukianika tena. Miaka yote vigae viliuvumilia unyevu huo; mchanga mtupu haukuweza. Wakavitupa vile, wakakanda udongo mpya wenye vigae, wakafinyanga, wakaanika hadi vitako vikakauka kabisa. Ndipo Mize akawasha.

Majivu yalipopoa, wanawake wote walikuja kutazama. Vyungu thelathini, vyote vizima. Mize alikinyanyua kimoja kwa furaha, kikamponyoka, kikavunjika miguuni pake.

"Moto wa Mize huo!" alidakia mfinyanzi mmoja aliyekuwa nyuma, asiyeona kilichotokea. "Umekula tena!"

Mize aliinama akaokota vipande, habari ya bega asiitaje. Alikuwa ameahidi. Bi Kazija ndiye aliyegeuka, akawakabili wenzake.

"Kosa halikuwa la moto peke yake," alisema. "Bega langu limechoka. Nikawaficha, nikawatilia udongo mbovu, nikamwacha binti huyu asemwe. Angekuja kunitukana, ningemfukuza, na hadi leo tungekuwa tunaokota vigae. Shikeni neno langu: usiulaumu moto, udongo hujauuliza."