Muhuri wa Mfalme Ngwembe

Mfalme Ngwembe alijua kila kitu, ila kusoma alisema ni kazi ya makarani. Siku moja alimwamuru karani wake, Kidawa, aandike mkataba wa kumpa mfalme jirani chemchemi pekee ya nchi.

"Na baraza, Mtukufu? Halijaridhia."

"Baraza la nini? Muhuri wangu unatosha!"

"Unatosha na kubaki," akasema Kidawa, akaandika. Mfalme akagonga muhuri.

Mjumbe wa jirani alipokuja na ndoo zake, Kidawa alimsomea mkataba mbele ya mfalme: chemchemi ni ya jirani, na Mfalme Ngwembe atawachotea watu wake maji kila asubuhi mpaka afe.

"Batili!" mfalme akafoka. "Baraza halijaridhia!"

Kidawa akamrudishia mjumbe ndoo tupu.

"Umemsikia mwenyewe. Wasalimie kwenu."